Nimeitwa intavyu kiwanda cha samaki Alhamisi. Nitaje kwamba nauza dagaa Mwaloni?

Binti wa Kayenze
Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni.

Nina stashahada ya uchakataji wa samaki na udhibiti ubora, nimesoma hapahapa Nyegezi. Tangu nimalize chuo sijapata ajira, niko na shangazi tunauza dagaa soko la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza. Juzi nimepigiwa simu na kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, niende Alhamisi saa mbili asubuhi, nafasi ya msaidizi wa udhibiti ubora.

Kinachonisumbua ni hiki. Kwenye CV sikuandika habari za dagaa kabisa. Marafiki wananiambia nisithubutu kutaja, nitaonekana mchuuzi. Sasa wakiniuliza muda wote huo ulikuwa wapi, niseme nilikuwa nyumbani? Halafu lile swali la "tuambie kuhusu wewe" huwa linanimaliza, naanza na nilikozaliwa, shule ya msingi, nikifika kidato cha pili naona mtu anaangalia saa. Na kuna mahali niliwahi kuulizwa kama nimeolewa na natarajia kuzaa lini. Likija tena nijibuje? Mshahara nao sijui nitaje kiasi gani.

Naombeni ushauri. Wenye kejeli leo wapumzike.

Kijana wa Igoma
Kama huna mtu ndani, unawasindikiza wenzako tu. Nauli hiyo bora ule samaki.

Mzee wa Kamanga
Kijana, mwenzio kaomba ushauri wewe unatangaza msiba. Kama nafasi ina mtu wake, huyu binti wangempigia simu ya nini?

Marahaba mwanangu. Dagaa wataje, tena mapema, kabla hujaulizwa. Mtu wa kiwanda akisikia Mwaloni anajua umeamka alfajiri, umebishana na wavuvi, umepoteza mzigo kwa mvua. Akisikia "nilikuwa nyumbani" hajui lolote.

Fundi Barafu
Nimefanya kazi chumba cha minofu kwa miaka, kwa hiyo nisome vizuri dada.

Swali la kwanza karibu lazima liwe: mzigo umefika getini, unaangalia nini? Usiseme "naangalia kama samaki ni mzima". Taja vitu. Joto la ndani ya nyama, liwe karibu na sifuri, likivuka nyuzi 4 pana tatizo. Matamvua yawe mekundu, macho yasiwe yamezama, nyama ukiibonyeza irudi. Harufu. Urefu pia, sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi, na kiwanda kikimpokea kesi ni ya kiwanda. Kisha makaratasi: katoka mwalo gani, gari gani, lini.

Hayo makaratasi wengi huyaona usumbufu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya hofu ya sumu za kuvulia. Viwanda vya ziwa zima vilikwama, hata vile ambavyo havijawahi kugusa samaki wa sumu, maana mteja hakuwa na njia ya kuwatofautisha. Ukiweza kulieleza hilo kwa sentensi mbili, umewaonyesha kwamba unajua kazi yako ipo kwa ajili gani.

Swali la pili huwa la tukio. "Umepima joto ukakuta nyuzi 9, unafanyaje?" Wasailiwa wengi hujibu "namwita bosi". Bosi ataitwa, lakini kwanza tenga ule mzigo usichanganyike na mwingine, toa taarifa, ongeza barafu, pima tena, andika. Kuandika usikusahau, maana kwenye HACCP, ule utaratibu wa usalama wa chakula viwandani, kitu kisichoandikwa hakikufanyika.

Kuna mtego mmoja wanaupenda: watakuuliza utadhibitije histamini, ile sumu inayojitengeneza samaki akikosa ubaridi, kwenye sangara. Histamini ni habari ya jodari, vibua na jamaa zao wa baharini. Kwa sangara wasiwasi mkubwa ni bakteria, salmonela na wenzake, yaani maji, mikono, barafu na vyombo. Sema hivyo kwa upole, usimcheke aliyeuliza.

Na swali la bondo, lile pulizo la ndani ya tumbo la sangara. Watakuuliza ukimkuta mwenzako kaficha bondo ndani ya gambuti utafanya nini. Mnajua bei ya bondo, sina haja ya kueleza. Hapo hawataki hotuba ya uaminifu, wanataka kujua kama utaripoti na kwa nani.

Binti wa Kayenze
Fundi, wabeja sana. Histamini kweli ningeingia mkenge.

Nimejaribu kuandika jibu la "tuambie kuhusu wewe". Naomba mlikosoe: "Naitwa fulani, nina stashahada ya uchakataji wa samaki. Ni mchapakazi, mwaminifu, najituma na naweza kufanya kazi chini ya usimamizi mdogo. Kwa sasa najishughulisha na biashara ndogo ya dagaa."

Fundi Barafu
Hiyo sentensi ya mchapakazi mwaminifu ifute. Wanaisikia asubuhi nzima, hata mwizi wa bondo aliisema. Na "biashara ndogo" umejidogosha mwenyewe kabla hawajakudogosha. Hebu tuambie, pale Mwaloni unafanya nini hasa?

Binti wa Kayenze
Napokea mzigo kutoka visiwani, nakagua, napanga madaraja, naandika daftari la shangazi. Zamani alikuwa ananunua waliokaushwa mchangani, nikamshawishi tuchukue wa kwenye vichanja hata kama bei iko juu kidogo, kwa sababu wateja wa mbali walikuwa wanalalamika mchanga na wengine walirudisha magunia. Sasa hawarudishi. Msimu wa mvua nafungua gunia moja moja kuangalia ukungu. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hawaendi, kwa hiyo lazima nijue mapema tubakize kiasi gani.

Mzee wa Kamanga
Binti! Hiyo si ndiyo kazi wanayotangaza?

Fundi Barafu
Ndiyo jibu lenyewe hilo. Liseme hivi: "Nimesomea uchakataji wa samaki Nyegezi. Tangu nimalize nakagua na kupanga madaraja ya dagaa Mwaloni Kirumba. Tulikuwa na tatizo la kurudishiwa mizigo yenye mchanga, nikashauri tubadilishe chanzo, wateja wakaacha kurudisha. Nimeomba nafasi hii kwa sababu nataka kufanya ukaguzi huohuo penye vipimo na maabara." Nyamaza hapo. Ni dakika moja. Shule ya msingi waachie waulize wenyewe.

Chapisha CV upya leo, iweke humo. Wakiona tofauti na ile ya kwanza, sema umeongeza kazi unayoifanya sasa.

Mama Wawili
Kwenye la ndoa na kuzaa: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya familia, na inamhusu hata mwombaji wa kazi. Ijue hiyo kwa moyo wako. Ila mle ndani usianze kutaja vifungu. Mara nyingi wanachotaka kujua ni kama utaweza shifti za usiku. Jibu hilo: "Ratiba ya shifti naiweza, hata ya usiku." Ukishamaliza, uliza shifti zikoje. Saa za usiku, kuanzia saa mbili hadi kumi na mbili asubuhi, zina nyongeza yake kisheria, asilimia 5.

Dada wa Pasiansi
Mama Wawili nakuheshimu ila hapo sikubaliani nawe. Ukilizungusha swali wanaona ni halali kuuliza, na kesho wanamuuliza mwingine. Mimi niliwahi kusema tu "hilo ningependa libaki la nyumbani" na tukaendelea.

Mama Wawili
Ulipata kazi?

Dada wa Pasiansi
Sikupata. Lakini hata aliyejibu sikumwona kazini.

Mtumishi Mtarajiwa
Beba vyeti halisi, si nakala, pamoja na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho. Usaili wa serikali kupitia Sekretarieti ya Ajira, ukienda na hati ya matokeo badala ya cheti chenyewe wanakurudisha mlangoni. Majina yakitofautiana kwenye vyeti nalo ni tatizo. Halafu jiandae kwa mtihani wa mchujo kabla ya mahojiano.

Fundi Barafu
Hiki ni kiwanda binafsi mkuu, mchujo wa aina hiyo sidhani. Ila la vyeti ni sawa kokote.

Nimekumbuka jingine. Wanaweza kukushusha chini uone uzalishaji. Kucha ziwe fupi, bila rangi, hereni na pete ziache nyumbani, marashi usipake kabisa. Umejipamba vizuri halafu unazuiwa mlangoni pa chumba cha minofu, hapo usaili umeisha hata kama hawajakwambia. Kama una kidonda mkononi, sema mwenyewe.

Mama Wawili
Mshahara: usiwe wa kwanza kutaja. Uliza nafasi imepangiwa kiasi gani. Wakikubana, taja kiwango cha chini na cha juu, na kabla ya siku hiyo ulizia watu wanaofanya kazi viwandani Igogo na Ilemela wanapata ngapi. Uliza pia kama wanachotaja ni kabla ya makato, kwa sababu mchango wako wa NSSF, asilimia 10, utatoka humo, na kodi ikikufikia nayo humohumo. Na mtu yeyote akikuomba hela ya fomu au ya "kufungua faili", ondoka.

Mzee wa Kamanga
Na toka Kayenze mapema. Kama una ndugu mjini, lala kwake Jumatano.

Binti wa Kayenze
MREJESHO: Nimetoka huko wakuu. Walikuwa watatu. Swali la getini lilikuja karibu vilevile alivyosema Fundi. Histamini hawakuuliza. Waliuliza nitajuaje kipimajoto changu kinasema kweli, nikajibu nakichovya kwenye maji yenye barafu iliyosagwa, kisome sifuri. Yule mama aliyekaa katikati hakuongea mpaka nilipotaja vichanja, hapo ndipo akaanza kuuliza: nani anakausha, wanafunika na nini mvua ikija, tunajuaje unyevu. Tulikaa kwenye dagaa muda mrefu kuliko kwenye sangara. La ndoa halikuja. Mshahara walitaja wenyewe, kabla ya makato, niliuliza. Wamesema watapiga wiki ijayo.

Kijana wa Igoma
Hongera dada. Hivi hawakugusia kama wanahitaji watu wa stoo?

Fundi Barafu
Wiki ijayo ikipita kimya, piga wewe. Omba kuongea na afisa utumishi, na piga asubuhi mapema, magari yakishaanza kushusha mzigo hakuna wa kukusikiliza.