Sonona ya baipola: tiba ya mazungumzo ianzie wapi?

Mnasihi_Dom: Wakuu, habari za kazi. Mtu wa baipola (ugonjwa wa hisia kupanda mno na kushuka mno) yuko chini, lithiamu, dawa ya kutuliza hisia, anameza na kipimo chake cha damu kiko sawa, sonona haijaondoka. Mazungumzo yale yale ya sonona ya kawaida yanafaa? Na vikao vingapi? Wengi huja mara tatu wakapotea.

Saa_ya_ukuta: Mara tatu ni chache, na hilo lilishapimwa. Utafiti wa STEP-BD wa Marekani (2007) uliwagawa wagonjwa 293: kundi moja hadi vikao 30 kwa miezi 9, jingine vikao 3 tu kwa wiki 6, dawa juu yake. Mwaka ulipoisha, waliopona walikuwa 64% dhidi ya 52%. Mbinu zilikuwa tatu: ya familia, ya fikra na tabia, na ya mahusiano na ratiba. Hakuna iliyozizidi nyingine waziwazi.

Mimi ningeanza na ratiba, kazi ya mtafiti Ellen Frank wa Pittsburgh, Marekani. Karatasi moja, mistari mitano: saa ya kutoka kitandani, ya kukutana na mtu wa kwanza, ya kuanza kazi, ya chakula cha jioni, ya kwenda kulala. Ajaze kila siku. Ukikuta leo kalala saa 4 usiku, kesho saa 9, mawazo yake yasubiri. Shika kwanza saa ya kuamka, maana usingizi hauamrishwi ila kuamka kunawezekana. Isogeze kidogo kidogo.

Nesi_wa_zamu: Mkuu, angalizo. Sonona ya kawaida tunasukuma: tembea, jiunge na kwaya. Huyu akichangamka ghafla usishangilie, huenda hisia zinapanda mno. Akilala masaa 4 na hachoki, maneno yanakimbizana, punguza shughuli na daktari amwone siku hiyo hiyo. Mkesha wa msiba upangiwe mapema nani atamrudisha nyumbani alale. Ramadhani vilevile: daku hukata usingizi, na mwili ukipungukiwa maji lithiamu huweza kupanda. Daktari ajue kabla mwezi haujaandama.

Mnasihi_Dom: Shukrani. Na ndugu wanaosema ni uvivu?

Saa_ya_ukuta: Waite. Tiba ya familia ina vikao 21: kwanza kuuelewa ugonjwa, kisha namna ya kusemezana, mwisho kutatua matatizo. "Mvumilieni" haisaidii kitu. Mama afundishwe kuacha "umelala tangu asubuhi", aseme "saa 2 twende wote sokoni": ombi moja, lenye saa. Na kila kikao uliza waziwazi kuhusu kujiua. Akisema ndiyo, ratiba iwekwe kando, asiachwe peke yake, afikishwe hospitali, na vidonge vishikwe na ndugu, kwani lithiamu ikizidi huua.