Tupeane uzoefu: kusuka, kufinyanga, bustani... nini kilikutoa kwenye kipindi kigumu?

Binti_Pangani
Wadada na mama zangu habari za saizi. Leo naomba tuongee wale tuliopitia vipigo, misiba, talaka za visa, halafu kilichokuinua ikawa kazi ya mikono ya vitu vya porini au shambani, chochote kile. Naanza mimi. Nilirudi kwa mama na begi moja, usiku silali, mtu akigonga mlango nashtuka moyo unataka kutoka. Mama hakuniuliza kitu, kanitupia kifungu cha ukindu, yale majani ya mkindu ya kusukia mikeka, "nichanie huo nina oda ya watu". Sasa ukindu unauchana kwa ukucha, ukikaza unakatika, ukilegeza huu unatoka mpana ule mwembamba, yani akili yote inahamia vidoleni utake usitake. Jioni tunachemsha rangi, ya zambarau ndo inang'ang'ania mikononi hatari. Majirani wanajaa barazani kila mtu na ukili wake, ule ukanda uliosukwa unaoungwa kuwa mkeka, na siku nilipofungua mdomo hakuna aliyenikodolea macho, wote wanaangalia wanachosuka. Kwangu hiyo ilizidi pole zote nilizopewa.

MwanaWete
Umenikumbusha eda yangu. Miezi minne na siku kumi si mchezo, wiki ya kwanza nyumba imejaa, baadae unabaki na kuta. Shangazi yake marehemu ndo alokuwa akiniletea ukindu. Nimetoka eda nina ukili wa kushona mkeka mzima, nikaushona, nikauuza nikalipia watoto madrasa. Kuna walonisema eti nauza mkeka wa msiba. Hao hao hawakuleta hata kibaba cha mchele.

mamaJ_kyela
Sisi Wakisi huku Matema ni vyungu, na kufinyanga ni kazi ya wanawake. Nilipopoteza mtoto mama mkwe akanibeba tukachimbe udongo. Unauponda, unatoa vijiwe vyote, maana kikibaki kimoja tu chungu kinaweza kupasuka kwenye moto. Nilikuwa naponda huku nalia na hakuna wa kunibembeleza wala kuninyamazisha, we ponda tu.

Kamene254
Mimi nitasema tofauti msinirushie mawe. Huku Ukambani ni kiondo, kile kikapu cha kusuka. Nilijiunga na grupu baada ya kutoka kwa ndoa ya ngumi, mwanzo ilikuwa tamu, tunasokota katani kwa paja tukipiga stori. Halafu mradi ukaingia. Kiondo kikapewa dedilaini, na kila mgeni akikuja tunaambiwa tusimame tuseme vile tulipigwa ndio wapige picha. Nikatoka. Sasa nasokota nyumbani na majirani na chai. Ukitaka kuingia grupu uliza kwanza kama ni lazima usimulie mambo yako, wakisema ni lazima, hama.

Binti_Pangani
@Kamene254 hapo umegonga penyewe, ndo maana mimi nasema mtu asilazimishwe kuongea, mikono ifanye kazi mdomo utakuja wenyewe.

dada_wa_Kigali
Nimeishi Rwanda. Baada ya 1994 kuna wajane wa mauaji yale walikaa kusuka agaseke, vile vikapu vyenye mfuniko uliochongoka, pamoja na wanawake ambao waume zao walifungwa kwa kuua. Hebu fikiria umekaa na huyo mkeka mmoja. Sisemi wote walisameheana, ila walikaa.

Binti_Pangani
Dah. Jamani nisisahau, kama bado unapigwa SASA HIVI usiniambie unasuka. Nenda dawati la jinsia polisi, mlioko Kenya pigeni 1195. Ukindu upo tu, toka kwanza hapo.

Ghorofani_Dar
Dada huo ukindu wa Tanga unatumwa Dar? Nakaa ghorofa ya tatu hata mkindu wenyewe siujui unafananaje 😂

Binti_Pangani
Unatumwa na basi mpenzi. Ukishaupata uloweshe kidogo kabla hujaanza kusuka, ukiwa mkavu unakatikakatika na vidole utavisikia. Njoo inbox.