Mume wangu anasema dereva alikufa kwa sababu yeye alilala: tiba ya utambuzi itamsaidiaje?

Mama wa Nkuhungu:
Ndugu zangu, naomba ushauri. Mume wangu alikuwa utingo wa lori la mizigo, na usiku mmoja wakitoka Dar es Salaam kuja Dodoma, walipokwisha kupita Gairo, lori lilipinduka na dereva aliyefanya naye kazi miaka sita akafariki papo hapo. Huu ni mwezi wa kumi na nne. Mguu uliovunjika umeunga, lakini usiku huamka akipiga kelele na kupapasa mlango, na harufu ya dizeli humtetemesha. Akienda Morogoro kwa dada yake hupanda treni ya SGR, nasi tulidhani anapenda tu mwendo wake, hadi tulipogundua kwamba hata daladala ya kwenda Ihumwa hawezi kuipanda, kwa kuwa inapita barabara ile ile.

Neno lake ni moja: "Ningekuwa macho, angekuwa hai." Utingo husafiri usiku akimsemesha dereva asisinzie, naye saa hiyo alikuwa usingizini. Tumemwambia mara nyingi mno kwamba si kosa lake, na hasikii. Daktari amesema ana msongo wa mawazo unaofuata kiwewe, akatuelekeza Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, kwa tiba ya utambuzi, yaani ya mazungumzo yanayokagua mawazo. Aliposikia Mirembe alikataa katakata, akisema yeye si mwendawazimu. Huko hufanywa nini hasa, na je, atalazimishwa kuisimulia ajali upya?

Mnasihi wa Makole:
Pole sana, dada, na umfikishie shemeji pole zetu.

Tiba hii haianzi kwa kumfariji mgonjwa wala kumwambia kwamba hana hatia. Hayo mmekwisha kuyafanya nyumbani, na mmeona yanavyomteleza. Mojawapo ya aina zake zinazojulikana zaidi ilibuniwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Patricia Resick, mwishoni mwa miaka ya 1980, kwanza kwa ajili ya wanawake waliobakwa, na kwa kawaida huchukua vikao 12 hivi. Baada ya janga watu wengi huota vibaya na kushtuka ovyo, na kwa walio wengi hali hiyo hupungua yenyewe kadiri siku zinavyokwenda; yule ambaye haimwachi, mara nyingi amekwama kwenye hukumu aliyojipa mwenyewe na ambayo hajawahi kuikagua. Hukumu ya shemeji umeiandika wewe mwenyewe hapo juu, neno kwa neno.

Basi mtaalamu humsaidia kuikagua kwa maswali. Ulikuwa umekaa macho kwa saa ngapi kabla ya kulala? Nani alikuambia ulale? Ulipofumba macho, ulijua nini kuhusu kitakachotokea mbele? Ungekuwa macho, ungeshika usukani? Anayejilaumu huchukua alichokijua baada ya ajali, akamhukumu nacho mtu ambaye kabla ya ajali hakukijua. Wala hii si hila ya kumsafisha. Kama lipo alilozembea kweli, litasemwa. Lakini kukusudia, kuzembea na kupatwa na jambo lisilotazamiwa ni vitu vitatu, na hata mahakama haiviweki katika kapu moja. Vikao vya mwisho huhamia kwenye usalama, kuwaamini watu, kujithamini na ukaribu na walio nyumbani, na hapo ndipo mke huona mabadiliko mapema kuliko mgonjwa mwenyewe.

Kuhusu kusimulia: katika aina hii si sharti aeleze ajali hatua kwa hatua. Huombwa kueleza kwa nini anadhani ilitokea na jinsi ilivyombadilisha. Ipo tiba nyingine, iliyoendelezwa na Edna Foa, ambayo kurudia simulizi na kukabili kidogo kidogo yale yanayoepukwa ndiyo kiini chake, nayo imethibitika kusaidia. Ulizeni mtapewa ipi.

Mzee wa Mpwapwa:
Pamoja na heshima kwa mnasihi, nina shaka. Mwaka 2002, treni ya abiria iliporudi nyuma ikagonga treni ya mizigo pale Igandu na watu wapatao 280 wakafa, sisi tuliobeba miili hatukupewa vikao. Tulisali, tukakaa matanga, tukarudi shambani. Kidonda kilichofunga mnakichokonoa cha nini? Halafu nasikia kuna karatasi za kujaza nyumbani. Hiyo ni tiba ya wasomi.

Mnasihi wa Makole:
Shikamoo, mzee. Matanga na sala vimewaponya wengi, na hakuna anayevipinga. Lakini kidonda cha shemeji hakijafunga. Mtu anayeogopa daladala ya Ihumwa bado kinamvuja. Kuhusu usomi, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulifanyika mashariki mwa Kongo, vijijini, kwa wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono, wengi wao wasiojua kusoma, ambao badala ya kuandika walikariri hatua za tiba hii. Waliowahudumia hawakuwa wanasaikolojia. Miezi sita baada ya tiba, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi walikuwa asilimia 9, na kwa waliopewa msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja walikuwa asilimia 42. Kwa dalili za kiwewe matokeo yalifanana na hayo.

Mwalimu wa Manyoni:
Mimi nilivamiwa na majambazi njiani. Mahali pa kwanza nilipokwenda nilipewa dawa za usingizi kwa miezi minane bila kuulizwa swali hata moja. Baadaye nilipata tiba hii. Nilipewa daftari la safu tatu: tukio, wazo, hisia. Wiki ya nne nilikuwa na hali mbaya kuliko nilivyoanza, nusura niache. Mwambieni mapema, asidhani tiba imeshindwa. Ama hilo jina la Mirembe, mke wangu aliwaambia majirani kwamba nakwenda huko kumwona mgonjwa, na hakudanganya.

Mama wa Nkuhungu:
Ahsanteni nyote. Mzee, shikamoo. Jana nilimsomea mume wangu swali la nani alimwambia alale. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba dereva ndiye aliyemrushia koti na kumwambia, "Lala kidogo, tukifika Kibaigwa nitakuamsha." Kwa miezi yote hii hajawahi kulitamka. Hajakubali kwenda, ila ameuliza kliniki ya wagonjwa wa nje huwa siku gani. Mwalimu, akikubali, niingie naye au nibaki nje?

Mwalimu wa Manyoni:
Muulize yeye, dada. Mke wangu aliingia siku ya kwanza tu. Siku nyingine zote alikaa kwenye benchi nje akinisubiri na chupa ya chai.