Nyumba ya mirathi Mkomani, Lamu: tuongeze ghorofa kwa wageni wa Maulidi?

BintiMkomani
Assalaam aleikum jamaa. Naishi Mombasa ila kwetu ni Lamu, na marehemu baba alituachia nyumba ya mawe Mkomani. Kaka yangu mkubwa ataka tuondoe paa la makuti lililo juu, tumwage slabu, tujenge vyumba vinne vya kukodisha. Hesabu yake ni Maulidi: Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, ukifika, watu waja msikiti wa Riyadha kutoka Tana, Malindi, Unguja na Ngazija, na mji mzima hukosi mtu wa kukuuliza chumba.

Mimi naogopa. Ukuta wa msana, kile chumba kirefu cha nyumba zetu, ulipigwa lipu ya simiti zamani, na sasa yabanduka vipande vizima. Nyuma yake jiwe ukiligusa kwa kidole linamwagika unga. Tena tuna wikio, daraja la juu lililojengwa, linalotuunganisha na nyumba ya ami yetu ng'ambo ya kichochoro. Na watu wa Makumbusho, wanaosimamia majengo ya kale, watasemaje, mji uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001? Nishaurini, lakini msiniambie "tunzeni turathi" mkaishia hapo. Turathi hazilipi karo.

FundiChokaa
Waaleikum salaam dada. Huo unga ni kazi ya simiti. Mawe ya kuta zenu ni matumbawe ya bahari, nayo hunyonya maji kutoka ardhini, na lipu ya chokaa huyaacha yatoke polepole. Simiti huyafungia ndani. Chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, ikikauka hutanuka na kulivunja jiwe. Bandua simiti yote, uache ukuta ukauke, kisha piga chokaa. Usikubali fundi akwambie "tuchanganye kidogo tu ishike haraka."

Slabu sikushauri hata kidogo. Pima upana wa msana wenu, utaona ni mwembamba kwa sababu nyumba nzima ilipangwa kwa urefu wa boriti ya mkoko. Kuta zile ni nene, lakini zimeshikwa kwa chokaa, hazikuwekewa zege kichwani. Na nondo kwa upepo huu wa bahari hula kutu, hujaa, hupasua zege lenyewe. Halafu wikio: ukuta wenu ukititia hata inchi moja, nyumba ya ami nayo itapasuka, na mtakutana kwa Kadhi.

Sasa karo. Mgeni wa Maulidi hakai chumbani. Usiku yuko uwanjani Riyadha na matari mpaka alfajiri, mchana yuko ziarani kwenye kaburi la Habib Swaleh, mwasisi wa Riyadha, au anatazama mashindano ya punda. Akifika mlangoni huuliza vitu viwili, maji na choo. Vyoo viwili safi, tangi kubwa, makuti mapya na mikeka, basi misana yenu miwili inalaza watu wengi kuliko vyumba vinne vya kaka, kwa pesa kidogo mno ukilinganisha na slabu. Na msisahau maji ya mji huu yatoka visima vya machuguu ya mchanga ya Shela. Kila ghorofa inayoongezwa yanywa humo humo.

Mtoto_wa_Langoni
Fundi asema kweli lakini arahisisha. Mimi niliomba ruhusa ya kuziba paa linalovuja, karatasi zikalala ofisini (siitaji) masika yakapita. Na serikali iliposimamisha ukataji miti 2018, boriti zikawa adimu hapa hapa tulipozungukwa na mikoko. Mtu akikimbilia simiti msimlaumu sana.

Mswahili_wa_Jeddah
Kuvunja cha kale ili kulaza wageni, tumekuona Makka: kulikuwa na ngome ya Ajyad, ya enzi za Waturuki. Ilivunjwa 2002, na leo pamesimama minara ya Abraj al-Bait yenye saa ile kubwa, mita 601. Niwe mwadilifu: Makka hupokea mahujaji zaidi ya milioni moja kwa msimu, huwezi kuwalaza misanani. Lamu haina shida ya ukubwa huo.

Mfano wenu ni Al-Balad, mji mkongwe wa hapa Jeddah, lango la mahujaji tangu zamani. Nyumba za matumbawe na roshani za mbao, ukipita utadhani uko kwenu. Wenyewe walihamia mitaa mipya, nyumba zikagawanywa chumba chumba kwa wapangaji, hakuna aliyeziba paa, nyingi zikaanguka au kuungua. UNESCO iliuorodhesha mji 2014. Sasa zinakarabatiwa, baadhi zimekuwa hoteli nzuri sana, na waliozaliwa humo huingia kama wageni. Kwa hiyo dada, jambo la kwanza ni mmoja wenu akae humo ndani.

BintiMkomani
Ahsanteni. Nimemsomea kaka kwa simu. Ghorofa hajaiacha, asema fundi wa chokaa lazima aisifu chokaa. Lakini vyoo na tangi amekubali vianze kabla ya Mfungo Sita, na khalati yetu mjane yuko tayari kuhamia. Fundi, kubandua simiti ni kwa nyundo na patasi tu, au kuna njia isiyoumiza zidaka, vile vishubaka vya ukutani?

FundiChokaa
Nyundo ndogo na patasi, anza juu ushuke. Karibu na zidaka nisubiri mimi.