Gia ya mbele ya umbo la yai: inarahisisha mlima kweli au tunauziwa maneno?

Mpanda Isamilo: Habari za jioni wadau. Nina baiskeli ya milimani ya mtumba, gia moja mbele yenye meno 32, nyuma 11 hadi 42. Nikipanda mlima wa Isamilo hapa Mwanza kwa ile njia ya mawe, mguu ukifika juu kabisa pedeli inakwama kidogo kabla ya kushuka, na tairi la nyuma linateleza kwenye changarawe. Jamaa kanishauri nivue hii ya duara nifunge ya yai, meno yale yale 32. Mliotumia semeni, inasaidia?

Kifua Nyegezi: Inasaidia, mwaka wa pili huu naitumia. Pedeli zikisimama wima, moja juu moja chini, mguu hauna cha kusukuma, na pale yai linakupa upande mwembamba, kama unakanyaga meno 30. Zikilala usawa mguu una nguvu zake zote, linakupa upande mnene, kama 34. Ule mkwamo unapungua sana. Bradley Wiggins alishinda Tour de France ya 2012 na gia za namna hiyo, Chris Froome naye 2013. Hawa ni watu wanaopima kila kitu. Si kama daladala zetu za baiskeli, wale wanasukuma kwa mabavu tu, gia hawaijui.

Hesabu Haidanganyi: Mkuu, mlima haupungui. Mtu na baiskeli yake kilo 90, akipanda mita 60 kwenda juu, kazi ni jouli elfu 53 hivi. Iwe duara, yai au pembetatu, hizo jouli utazilipa. Vipimo vya maabara kuhusu gia hizi havikubaliani, na tofauti inayoonekana ni ndogo. Na Wiggins alikuwa na gia za aina ya Osymetric, zile hata yai si yai, tena kwenye lami. Isamilo ni mawe.

Mwana wa Igogo: Kifua Nyegezi, rudia hapo kwenye daladala. "Gia hawaijui." Baba yangu kabeba abiria kwa baiskeli ya Phoenix, na msimu wa mkaa magunia mawili toka Kisesa mpaka Buzuruga. Ada yangu ya sekondari imetoka kwenye ile kariya. Leo mtu wa helmeti ananiambia mzee alikuwa mabavu tu?

Kifua Nyegezi: Kaka, sikumtaja baba yako. Nimesema kwa ujumla.

Mwana wa Igogo: Ujumla ndio huo huo baba yangu yumo. Na kwa taarifa yako gia alizijua. Phoenix ilikuja na meno 18 nyuma, akaivua akafunga 22, mbele akaacha 44. Mguu ukawa mwepesi, mwendo ukapungua, mzigo ukafika. Hakuna aliyemfundisha. Wewe umenunua yai, umesimuliwa na muuzaji.

Dada wa Kirumba: Hapo kwenye 22 nyuma mzee kamaliza mjadala, wabeja sana (asante sana kwa Kisukuma). Mpanda Isamilo, 32 kwa 42 ni uwiano wa 0.76. Ukifunga 30 ya duara unapata 0.71, mguu unapungukiwa kama asilimia 6 ya mzigo kwenye kila sehemu ya mzunguko. Anza na hiyo.

Fundi Mlango Mmoja: Mimi sitaki yai. Shimano walitoa hizo miaka ya sabini, watu wakalalamikia magoti, mwisho wakaziacha. Nimewahi kuzivua kwenye mitumba ya Japani.

Hesabu Haidanganyi: Fundi, hizo za Shimano zinaitwa Biopace, na ni za 1983. Na ilikuwa kinyume na za leo: upande mnene ulikaa pale pale mguu unapokuwa hauna nguvu. Wao walikuwa na nadharia yao ya mwendo wa mguu. Ya sasa usiihukumu kwa ile.

Fundi Mlango Mmoja: Mwaka sawa, nimekubali. Ila goti la mteja wangu nimelisikia kwa masikio yangu, nawe hukuwepo.

Kifua Nyegezi: Hata hii ya sasa ukiigeuza vibaya itakuwa kama Biopace. Kuna alama ya kulinganisha na mkono wa pedeli. Na kuhusu tairi kuteleza, huko ndiko nimeona faida kubwa: nguvu haiji kwa mshtuko, tairi linashika. Hilo hamjanijibu.

Mwana wa Igogo: Na wewe hujanijibu kuhusu daladala.

Dada wa Kirumba: Jamani Isamilo kwa mawe yale, presha ya tairi ikishuka kidogo tu mtelezo unapungua. Mmeshapima presha?

Mzee wa Ukerewe: Wanangu, hamjambo. Kwetu kisiwani mgonjwa, mahindi, bibi harusi, vyote vimepita juu ya baiskeli ya gia moja. Kijana wa Nyegezi, maneno yako ya kitaalamu ni mazuri, nimejifunza. Lile la mabavu liondoe.

Kifua Nyegezi: Shikamoo mzee. Naliondoa. Mwana wa Igogo, nimekukosea, nisamehe. Nilikuwa najisifia gia yangu nikamkanyaga mtu ambaye hata hayupo kwenye mjadala.

Mzee wa Ukerewe: Marahaba.

Mwana wa Igogo: Yameisha kaka. Lakini niulize kweli: yai linaweza kukaa kwenye Phoenix?

Kifua Nyegezi: Kwa gia moja cheni italegea na kukaza kidogo kila mzunguko, ila inakwenda. Tatizo ni kwamba kwenye Phoenix gia ya mbele imeshikana na mkono wa pedeli, huwezi kuibadilisha peke yake.

Mpanda Isamilo: Wadau, gia yangu ya mbele inashikwa na bolti nne, kwenye duara la milimita 104. Nifunge 30 ya duara au 32 ya yai? Nina hela ya moja.

Fundi Mlango Mmoja: Igogo, hiyo Phoenix ya mzee bado ipo?

Mwana wa Igogo: Ipo. Kotapini ya kushoto, ile pini inayoshika mkono wa pedeli, imelika, pedeli inacheza.

Fundi Mlango Mmoja: Ilete kesho asubuhi kabla jua halijawa kali. Kotapini ninazo, na hiyo sikudai.