Noti ya jahazi kwenye kasha la bibi: ni ya Kenya hii?

Kijana wa Langoni:
Asalaam aleikum. Jana tulisafisha kasha la marehemu bibi hapa Lamu. Chini kabisa, chini ya leso za harusi, palikuwa na kitambaa kimepigwa mafundo mawili. Ndani noti tatu, zanukia udi hadi sasa. Mbili za shilingi tano: mbele Mzee Kenyatta, nyuma mwanamke achuma kahawa, tarehe 1 Julai 1966. Ya tatu ya ishirini, haina kichwa cha mtu, ina jahazi limetweka tanga. Binamu yangu wa Malindi ashikilia kuwa hiyo ya jahazi ndiyo noti ya kwanza ya uhuru, na jahazi lenyewe ni la kwetu Amu. Tayari aniulizia mnunuzi! Kuna ajuaye?

Mzee wa Noti:
Waaleikum salaam. Binamu kapata nusu. Uhuru tuliupata Desemba 1963, benki kuu hatukuwa nayo. Pesa ilikuwa ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, moja na ya Uganda na Tanganyika, na noti zilikuwa na sura ya Malkia. 1964 wakamtoa, wakatia hilo jahazi. Imulike kwenye taa utaona kifaru. Hizo za Mzee ndizo zetu wenyewe, zilitoka Septemba 1966 Benki Kuu ilipofungua milango: tano, kumi, ishirini, hamsini na mia. Ndani yake utaona simba. Na gavana wa kwanza hakuwa Mkenya, alikuwa Leon Baranski wa Poland. Mkenya Duncan Ndegwa alishika 1967.
Tafadhali usizitie plastiki.

Fundi Matondoni:
Jahazi la Amu wapi! Wakusanyaji waiita noti ya ziwa. Hilo ni Ziwa Victoria, bwana. Maji baridi yale, hayajui kusi wala kaskazi.

Kijana wa Langoni:
Nimemulika. Kifaru yupo, kichwa kizima. Simba naye yupo, ila kwenye tano moja tu nimemwona vizuri, maana ya pili shemeji aliikimbiza jana ileile kwa mpiga picha, ikapigwa plastiki ya moto kama kitambulisho cha shule. Imeingia na unywele.
Habari ya ziwa sijamwambia binamu. Aja Ijumaa.