Naomba ushauri: seva ya Git kwenye Raspberry Pi, umeme unaniua

Jambo wakubwa. Tuko vijana wanne hapa Kadutu, Bukavu, tunaandika programu ya duka la dawa. Vifurushi vya intaneti vilikuwa vinatumaliza, basi nikachukua Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya kiganjani, yenye ramu ya GB 2, nikaweka Gitea (seva ya Git, yaani ya kutunza misimbo ya programu na mabadiliko yake kwa timu) na SQLite (hifadhidata yake). GitLab, programu nyingine ya kazi hiyo, sikuithubutu, ile inakula ramu bila huruma. Kwa waifai ya nyumbani inakwenda safi, hata intaneti isipokuwepo.

Shida ni umeme. Unakatika bila hodi, na juzi kadi ya SD ilikufa kabisa. Misimbo ilipona kwa sababu Git humwachia kila mtu nakala nzima kwenye kompyuta yake. Lakini orodha ya hitilafu na akaunti zetu, ambazo hukaa kwenye hifadhidata ya Gitea, ziliondoka nayo. Miezi mitatu ya maelezo, jamani!

Sasa nina dola 60. Nianze na diski ya SSD ya kuchomeka kwenye USB, badala ya kadi ya SD, ao betri ya volti 12 na kipunguza volti? Pawabenki nimejaribu: kila umeme ukirudi inakata kidogo, Pi inajizima. Na nakala ya usiku mnaiweka wapi, flashi inatosha?